Shangazi, mama mkwe anatunywesha majani ya mpera nyumba nzima

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia usiku watu wakiwa wamelala, maana nyumba yetu ni ya vyumba vitatu na kuta zina masikio. Naishi Mbagala Kizuiani na mume wangu, mtoto wetu wa miezi kumi, na wifi yangu anayesoma chuo. Baada ya Idi mama mkwe alikuja kutoka Muheza, ahudhurie kliniki ya sukari huku mjini na anishikie mtoto nikiwa kwenye cherehani. Ni mama mwema, Shangazi, sina ugomvi naye hata kidogo. Ugomvi wangu ni na mpera.

Uani tuna mpera mkubwa tuliourithi kwa mwenye nyumba wa zamani. Mama hajamaliza hata siku mbili, alichuma majani akachemsha sufuria nzima, na tangu hapo sufuria haijashuka jikoni. Mume wangu akirudi kazini tumbo limemchafuka, anapewa. Wifi anaoshea nywele zikue. Mimi napewa kikombe kila nikimaliza kula, mchana na usiku, eti nirudishe tumbo na mwili ukaze. Sijui kukataa, nakunywa. Nilipompeleka mtoto kliniki mwezi uliopita nilisikia kizunguzungu, wakanipima damu wakasema ni 9, wakanipa vidonge vya kuongeza damu.

Sasa kisa chenyewe. Majuzi mtoto aliendesha. Maji matupu, mara sita saba kwa siku, na kutapika kidogo. Nilitaka kumkimbiza zahanati, mama akasema nitulie, watoto wake sita wote wamekua kwa majani ya mpera. Akawa anampa kwa kijiko, akaniambia nimsimamishie uji na nipunguze kumnyonyesha ili tumbo lipumzike. Siku ya tatu kuhara kukakata. Mtoto alibaki amelegea kwa muda, lakini alipona. Tangu hapo sina kauli humu ndani. Nikifungua mdomo mume wangu ananiambia, "Si uliona mwenyewe?" Na kweli niliona.

Kinachoninyima usingizi ni mama mwenyewe. Ana vidonge vya aina mbili, metformin na glibenclamide. Kwenye kundi la WhatsApp la kikoba chao kuna mtu alirusha ujumbe kwamba jani la mpera linamaliza sukari kabisa, basi ameacha vidonge vya jioni. Vya asubuhi anavimeza alfajiri na kikombe kikubwa cha maji ya mpera, halafu hali kitu mpaka saa nne, kwa sababu dawa ya miti inataka tumbo tupu. Tena kuna kijana alimuuzia Kariakoo kopo la unga wa kijani, shilingi elfu ishirini, limeandikwa linatibu magonjwa arobaini. Anachota kijiko kila asubuhi. Juzi saa tatu nilimkuta amekaa kwenye mkeka anatetemeka, jasho linamtiririka, maneno hayashikiki. Nilimpa chai yenye sukari akatulia. Yeye akasema ni sumu inatoka mwilini.

Shangazi, jani la mpera ni dawa kweli au ni imani tu? Mtoto akiharisha tena nimpe? Na mama nitamwambiaje bila kuonekana mkaza mwana mjuaji? Kuna siku nawaza niukate huo mpera usiku tumalizane.

Mkaza mwana, Mbagala

*

Marahaba mwanangu,

Shoka liweke chini. Mpera hauna kosa, na mama mkwe wako hajakosea kila kitu, kwenye sufuria yake kuna dawa. Ila maswali yako matatu yatangoja kidogo, maana umeyatanguliza mbele ya jambo ambalo hukuliuliza kabisa: ile asubuhi ya kutetemeka. Hiyo ndiyo inayoweza kuleta msiba humo ndani.

Hakukuwa na sumu yoyote inayotoka. Mtu anayemeza glibenclamide, hajala, anatetemeka, anatoka jasho, maneno yanampotea, halafu chai ya sukari inamrudisha: hapo sukari imeshuka. Kidonge hicho kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini, kiwepo chakula au kisiwepo, ndiyo maana humezwa pamoja na chakula. Mama anameza alfajiri, anakaa na njaa mpaka saa nne asubuhi. Insulini inatoka, haikuti chai wala kitafunio, inaishusha sukari ile ile kidogo iliyobaki kwenye damu. Ubongo unaishi kwa hiyo sukari. Ikishuka sana mtu anaweza kupata degedege, akazimia, akafa, na majirani wakasema amerogwa.

Ikimrudia, mpe pale pale vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Subiri robo saa. Kama bado, rudia, na akitulia ale chakula cha kushiba. Akiwa hawezi kumeza usimlazimishe kitu mdomoni, atapaliwa. Hapo ni kumbeba na kwenda hospitali. Na kuanzia kesho, kabla hata hujamaliza kunisoma vizuri: chakula mezani kwanza, kidonge ndipo kifuate, na safari ya kliniki ni wiki hii, msingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Awaambie wazi kwamba aliacha vya jioni, kwamba ametetemeka, na kwamba anakunywa mpera. Dozi wapange wao.

Sasa jani lenyewe kwenye sukari. Yule aliyerusha ujumbe kwenye kikoba aliokota kipande cha ukweli, akakinyoosha mpaka kikakatika. Kwenye utumbo wetu kuna vimeng'enya vinavyokatakata wanga wa ugali na wali mpaka uwe sukari inayoingia kwenye damu. Jani la mpera lina vitu vinavyovipunguzia kasi vimeng'enya hivyo, kwa hiyo baada ya mlo sukari haipandi kwa kishindo. Wajapani walilifanyia utafiti mpaka mwaka 2000 serikali yao ikaruhusu chai ya majani ya mpera iuzwe na maelezo kwamba inawafaa watu ambao sukari yao hupanda wakishakula. Angalia walichoruhusu: chai ya kunywa na mlo. Hakuna Mjapani aliyeambiwa atupe vidonge.

Mama yeye anainywa alfajiri, saa ambayo tumboni hamna wanga wa kucheleweshwa. Amelipeleka jani mahali lisipo na kazi. Halafu metformin, ambayo inalizuia ini lisimwage sukari kwenye damu, hata usiku mtu amelala, hiyo ndiyo ameipunguza. Kama anaupenda mpera wake, na daktari amekubali, basi anywe kikombe kimoja pamoja na chakula cha mchana, vidonge vikiwa palepale. Na apimwe. Mashine ndogo za kupima sukari zinauzwa kwenye maduka ya dawa, na mtu wa kushona kama wewe hatashindwa kumchoma mtu kidole. Asubuhi kabla hajala, na saa mbili baada ya mlo mkubwa, andikeni kwenye daftari. Wengi wenye kisukari hulengwa wawe kati ya 4.4 na 7.2 asubuhi kabla ya kula, ingawa kwa mtu mzima kama mama, daktari anaweza kumwekea lengo lake. Chini ya 4 ni kushuka, hata kama mwenyewe anasema yuko sawa. Daftari hilo litamaliza ubishi ambao wewe na mimi hatuwezi kuumaliza kwa mdomo: kama mpera unamtosha, namba zitasema.

Tuje kwa mtoto, na hapa nitakaa kidogo.

Uliona mtoto anapewa majani, ukaona kuhara kumekata, ukaunganisha. Kila mtu angeunganisha. Lakini kuhara kwa watoto wa umri huo mara nyingi huletwa na virusi, na virusi hivyo huondoka vyenyewe baada ya siku chache, mtoto apewe kitu asipewe. Huenda siku ya tatu kungekata hata kama mama angechemsha majani ya mwembe. Kinachoua watoto wakati wa kuhara ni maji na chumvi zinazotoka bila kurudishwa, na hilo ndilo jani haliwezi. Hata likituliza utumbo, tone la maji haliongezi. Ule ulegevu uliokaa baada ya kuhara kukata, mwanangu, inaelekea ndiyo ilikuwa bei ya kupunguziwa titi na kunyimwa uji. Tumbo la mtoto anayeharisha halihitaji kupumzishwa. Linahitaji kulishwa kidogo kidogo, mara nyingi, na titi ndilo la kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani lilisaidia na hakuna aliyelipa sifa. Hukuniambia mnakunywa maji gani, lakini Mbagala naijua, visima vya mtaani na madumu ya mkokoteni. Mama alipochemsha majani, alichemsha na maji. Kwa siku hizo mtoto alikuwa anapewa maji yaliyochemka kuliko siku zote. Mkichemsha maji ya kunywa kila siku, mkaosha mikono kwa sabuni kabla ya kumlisha na baada ya kumsafisha, hata hiyo kesi ya mpera haitafika mahakamani mara kwa mara.

Akiharisha tena: pakiti moja ya ORS, ule unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini, kwenye lita moja kamili ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Lita moja, si kikombe, maana watu hukoroga pakiti nzima kwenye kikombe ili iwe kali, na ikiwa kali chumvi inamzidi mtoto. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe kati ya mililita 50 na 100 kila anapoharisha, yaani robo hadi nusu ya kikombe kikubwa, kwa kijiko, polepole. Akitapika ngoja dakika kumi uendelee. Mchanganyiko ukipitisha saa 24 mwaga. Mtoto wa zaidi ya miezi sita apewe pia zinki ya miligramu 20 mara moja kwa siku, kwa siku kumi hadi kumi na nne, hata kama kuhara kumekata siku ya tatu. Kidonge kinayeyuka kwenye kijiko cha maziwa yako mwenyewe. Usiku wa manane duka la dawa limefungwa na ORS hamna? Vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote viwe sawasawa na ukingo visirundikwe, kwenye lita moja ya maji safi. Hiyo ikuvushe mpaka asubuhi.

Maji ya mpera kwa mtoto wa miezi kumi, jibu langu ni hapana. Hakuna kipimo kinachojulikana kwa mtoto mdogo kiasi hicho, na tumbo lake lina nafasi ndogo, kila kijiko cha majani kinachukua nafasi ya maziwa au ORS. Na usingoje mtu akuruhusu kwenda zahanati ukiona macho yameingia ndani, utosi umebonyea, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, hakojoi, hataki kunyonya, anatapika kila kitu, analala kwa namna isiyo ya kawaida, au kinyesi kina damu. Hapo hata kama mama mkwe amekaa mlangoni, mruke.

Kwa watu wazima habari inabadilika, na hapa namtetea mama. Mumeo anayerudi na tumbo limechafuka kwa chipsi za barabarani hajadanganywa. Chukua jani changa la mpera ulitafune; mdomo mzima unashikwa na ukakasi, ulimi unakauka. Huo ukakasi ni tanini, na inaposhuka tumboni inaubana utando wa utumbo vilevile. Ukilisugua jani kwa vidole utasikia harufu, maana mpera ni ndugu wa mkarafuu na mzambarau, familia yenye mafuta yenye harufu kwenye majani. Ndani yake kuna kitu kingine kinaitwa kwesetini, ambacho hulegeza misuli ya utumbo inayosokota. Huko Mexico, eneo la asili ya mpera (kwetu huu ni mti mgeni, ulivushwa na mabaharia wa Kireno na Kihispania), walitengeneza vidonge vya jani hili wakawapa watu wazima wenye kuhara kwa ghafla, na maumivu ya kusokotwa yakadumu muda mfupi zaidi. Tena huko huko walipima kwa wanawake wenye maumivu makali ya hedhi, yakapungua. Mwambie wifi yako hilo, linaweza kumfaa kuliko habari za nywele, ingawa wao walitumia dondoo lililopimwa na si sufuria ya uani.

Anayetaka kunywa kwa tumbo achume majani machanga ya nchani, yale ya kijani kibichi chenye wekundu kwa mbali, siyo makavu wala yaliyoliwa na wadudu, wala ya upande wa barabara yenye vumbi la magari. Ayaoshe moja moja. Majani manane hadi kumi kwenye nusu lita ya maji, funika, yachemke taratibu dakika kumi, maji yageuke rangi ya chai ya rangi. Chuja, yapoe, kikombe kimoja mara mbili au tatu kwa siku, siku moja au mbili basi. Hicho ni kipimo cha kienyeji, kwa hiyo msikizidishe. Mpera na mpera hazifanani ukali, na yakikolea sana yanaunguza tumbo na kufunga choo. Kesho chemsheni mapya. Sufuria iliyolala jikoni usiku kucha kwenye joto la Dar ni chakula cha bakteria. Na ORS hata kwa mtu mzima iwe pembeni.

Ila kuna kuhara ambako jani ni kupoteza wakati. Kuhara damu, kuhara na homa kali, na kuhara kama maji ya kuoshea mchele yasiyoisha. Hiyo ya mwisho ni dalili ya kipindupindu, na sisi wa Dar hatuna haja ya kuelezwa. Mlipuko mkubwa wa Agosti 2015 ulianzia hapa hapa mjini. Mtu mzima mwenye nguvu zake anaweza kupoteza lita nyingi kwa saa chache. Hapo unaanza ORS ukiwa njiani kwenda kituo cha afya, majani yanabaki mtini.

Nilikuwa karibu kuisahau damu yako, na wewe mwenyewe umeisahau kwa kuwahangaikia wenzio. Damu 9 ni ndogo. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 au zaidi. Unapewa madini ya chuma kwa vidonge na maharage, halafu juu yake unamimina kikombe cha mpera kila unapomaliza kula. Ile tanini niliyoisifia kwenye tumbo la mumeo hulishika madini ya chuma, yakapita nayo mpaka chooni. Chai ya rangi hufanya hivyo hivyo. Na hakuna ushahidi ninaoufahamu kwamba maji ya mpera yanarudisha tumbo la uzazi mahali pake. Kwa hiyo kikombe hicho uache, angalau mpaka damu ipande, na chai isogeze mbali na mlo kwa saa moja au mbili. Cha kukufurahisha ni kwamba mti huo huo una dawa yako, isipokuwa iko kwenye tunda. Gramu 100 za pera zina vitamini C karibu miligramu 228, mara nne ya chungwa, na vitamini C ndiyo inayosaidia chuma kutoka kwenye maharage na mchicha kiingie mwilini. Kula pera moja na mlo wako, meza kidonge chako. Mama akikuletea kikombe mwambie, "Mama, hospitali wameniambia nile mapera yenyewe, majani yananipunguzia damu." Atakuchumia mapera.

Yaliyobaki hayana uzito. Nywele za wifi hazitaharibika, lakini sijaona chochote kinachothibitisha kwamba zitakua. Aoshe kama anapenda harufu. Kusukutua mdomo kwa maji ya majani fizi zikiuma ni sawa, ila jino lililotoboka linataka daktari wa meno. Kuoshea kidonda kidogo, sawa, yakiwa yamechemshwa na kupoa. Aliyechomwa na msumari anataka sindano ya pepopunda. Na nyungu, kama mama ataanza nayo mafua yakiingia, mtoto asiwekwe ndani ya shuka na sufuria ya moto. Kuungua kwa mvuke si jambo dogo.

Sasa utamwambiaje. Usimwambie wewe, angalau habari ya vidonge. Hiyo ni kazi ya mwanawe. Mkalishe mumeo usiku, usianze na mtoto maana atakujibu "si uliona", anza na mama yake kutetemeka. Mweleze kama nilivyokueleza: alimeza kidonge, hakula, sukari ikashuka, angeweza kuzimia mkiwa hampo. Mwanaume anayebisha juu ya kuhara hatabisha juu ya mama yake kufia uani. Yeye ndiye ampeleke kliniki, aingie naye ndani, amsikie daktari kwa masikio yake. Neno la kusema kwa mama ni moja tu: "Mama, mpera wako tunauheshimu, tunaomba tu uende pamoja na dawa za kliniki, usizibadili." Hakuna anayemnyang'anya kitu. Watu wengi huacha dawa za hospitali kwa sababu walichagulishwa, ama hiki ama kile, wakachagua kile walichokizoea.

Kwa mtoto, wewe ndiye mwenye kauli, na ukitaka kuipata bila vita mpe mama cheo. Mwonyeshe pakiti ya ORS, mpe jagi la lita moja liwe lake, mwambie mtoto akiharisha yeye ndiye msimamizi wa jagi na kijiko. Bibi aliyelea sita anajua kumbembeleza mtoto ameze kuliko mimi na wewe. Usimwambie alikosea kupunguza titi. Mwambie siku hizi kliniki wanasema mtoto anyonye zaidi, ukamuulize kwao Muheza walikuwa wanampa uji gani mtoto anayeinuka kutoka kuugua. Atakufundisha, na uji utarudi.

Kuhusu kopo la elfu ishirini. Hapo sina upole. Kitu kinachotibu magonjwa arobaini hakijapimwa kwa hata moja. Nchi hii haikatazi tiba asili. Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, tuna Baraza linalosajili waganga na dawa zao, na Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asilia wanakochunguza miti hii hii ya uani kwa miaka mingi. Anayeuza kwa haki ana namba ya usajili na anwani yake haihami kila wiki. Na kuna jambo linalonitia wasiwasi zaidi ya uongo wa maandishi. Katika nchi mbalimbali unga na vidonge vya "asili" vya sukari vimewahi kukutwa vimechanganywa kimyakimya na dawa za hospitali, glibenclamide ikiwemo. Kama hicho kijiko cha asubuhi kina kitu cha namna hiyo, mama anameza dozi mbili bila kujua, na mtetemeko wa juzi utakuwa na maelezo ya ziada. Aache kukichota kuanzia leo. Lakini usilitupe kopo. Lifunge kwenye mfuko likiwa na karatasi yake, mwende nalo kliniki pamoja na vidonge vyake vyote na lile daftari, daktari aone mwenyewe anachomeza.

Shangazi